Wiski ya mjomba, maili elfu 18 na glasi ya uwanjani: anza kuhesabu kutokea Mwanza

Swali limetoka kwa dada anayeishi Birmingham, Uingereza, nalifupisha kidogo: "Desemba naenda Mwanza na binti yangu wa miaka 16, Emirates mpaka Dubai, Dubai mpaka Dar, halafu ndege ya ndani. Mjomba anataka wiski na shemeji naye anataka yake, kwa hiyo nimefikiria chupa mbili za lita moja, moja yangu moja ya binti. Birmingham siku hizi wanaruhusu vimiminika hadi lita mbili begi la mkononi, je ninunue supamaketi tu nibebe? Pili, Skywards, ile klabu ya Emirates ya kukusanya maili, nina maili kama elfu 18, nizitumie kuingia launji tukale na kunywa bure? Tatu, nimesikia wameweka sheria ya glasi mbili tu kwa kila abiria uwanjani, ni kweli?"

Haya dada yangu. Kwa mwenye haraka: supamaketi ubebe mkononi hapana, chupa ya binti haipo, launji mimi sikushauri, na sheria ya glasi mbili hakuna. Ila kila jibu lina mambo yake ndani, hasa hilo la chupa, maana hapo ndo watu wanapoteza hela kila Desemba.

Kosa linaanzia kwenye kupanga. Mtu anaangalia uwanja anaoanzia unasemaje, akishaona pale anapita anadhani kamaliza, wakati ana viwanja vingine vitatu mbele na kila kimoja kina mlango wake na mtu wake mwenye glavu. Mimi nikimkatia mtu tiketi ya kuunganisha namwambia aanze kule anakoshukia halafu arudi nyuma. Kwa hiyo tuanze na forodha ya Dar ndo tumalizie na Birmingham.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya 2004, inatumika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, na kwenye pombe kali inakuruhusu lita moja bila ushuru, au ukiamua waini basi lita mbili. Hiyo ni AU, huwezi kuchukua lita ya wiski na lita mbili za waini ukasema zote ni haki yako. Na inahesabiwa kwa kichwa cha mtu aliyefika miaka 18. Binti yako ana 16, kwa hiyo kwenye pombe hana mgao kabisa, sifuri, hata kama pasipoti yake na tiketi yake viko sawa na amebeba chupa mwenyewe, tena ukimbebesha ndo unajitafutia maswali, afisa anaangalia tarehe ya kuzaliwa hapo hapo. Sasa chupa ya pili ukiamua kuja nayo, itangaze. Utalipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18 juu yake, na ukishajumlisha yote utakuta wiski ya kawaida ungeinunua Mwanza mjini bila kusumbuka. Ukiificha wakaiona kwenye mashine wanayo haki ya kuichukua na faini juu. Ushauri wangu: mjomba apate wiski, shemeji apate marashi, sheria hiyo hiyo inakupa nusu lita ya vitu vya kunukia bila ushuru, ilimradi marashi yenyewe yasizidi robo lita. Shemeji akinuna atazoea.

Halafu kuna kipande cha ndani, Dar–Mwanza, ambacho hakuna anayekifikiria. Ukishuka terminal 3 unachukua mabegi, unapita forodha, halafu unachek-in upya. Hapo chupa iingie kwenye begi la chini, ifunge kwenye nguo, soksi nene ndo zuri kuliko yote, usijaribu kuibeba mkononi eti kwa sababu ni ndege ya ndani hawana shida. Wengine wanakuachia wengine wanakukatalia, inategemea nani yuko zamu, na mimi sipendi safari inayotegemea nani yuko zamu. Angalia na kilo pia, tiketi ya ndani ukiwa umeikata peke yake ina mgao wake wa mzigo na Emirates haiwahusu.

Na ule mfuko wa plastiki wa dyuti frii, yaani maduka ya uwanjani yanayouza bila ushuru, ukifika Dar achana nao. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, na Kenya walitangulia, Agosti 2017, tena wao walisema wazi kabisa kwamba abiria anayeingia na mfuko wa dyuti frii auache pale pale uwanjani. Weka mfuko wa kitambaa kwenye mkoba, hauli nafasi, ukishuka unahamisha vitu vyako unaendelea na safari.

Sasa rudi nyuma mpaka Dubai, hapa ndo penye jibu la supamaketi.

Ni kweli Birmingham, pamoja na Edinburgh, tangu Julai 2025 wameruhusu chombo cha hadi lita mbili mkononi kwa sababu wameweka zile skana mpya zinazoona ndani ya begi kwa pande zote, kama za hospitali. Wengi walishangilia, maana ile sheria ya mililita 100 imetutesa tangu 2006, baada ya polisi wa Uingereza kukamata watu waliokuwa wanapanga kulipua ndege kwa milipuko ya maji maji. Lakini ruhusa ya Birmingham ni ya Birmingham. Ukishuka Dubai kuunganisha unapitishwa tena kwenye ukaguzi, begi kwenye mkanda, na pale chupa yako ya lita moja ya supamaketi ni kimiminika cha zaidi ya mililita 100 ambacho hakina mfuko wa dyuti frii. Basi, kwaheri ya kuonana. Hawakuulizi umeipitisha wapi. Na ukiwa kwenye muunganiko hapo katikati huwezi tena kuisukumia kwenye begi la chini kwa sababu begi la chini liko tumboni mwa ndege ingine tayari. Wiski ya pauni 30 inaishia kwenye pipa na wewe umesimama na soksi mkononi.

Chupa ya supamaketi ikiwa lazima, ichek-in tangu Birmingham. Sheria za usafiri wa anga kwenye hilo ni rahisi: kinywaji chenye kilevi cha asilimia 24 kushuka chini hakina kikomo cha usalama, kuanzia zaidi ya 24 mpaka 70 ni lita tano kwa mtu na kiwe kwenye chupa yake ya dukani, na zaidi ya 70 hakipandi kabisa, si juu si chini. Wiski ya asilimia 40 haina tatizo.

Ukitaka kuibeba mkononi, nunua dyuti frii, na hapo una chaguo mbili. Ukinunua Birmingham baada ya ukaguzi watakuwekea kwenye ule mfuko maalum, plastiki angavu yenye ukingo mwekundu, risiti inakaa ndani ikisomeka kutoka nje, na ule ukanda wa gundi ukiubandua unaacha alama haifutiki. Mfuko huo ukiwa mzima na risiti iko ndani, Dubai unapita nao. Ukiufungua ndani ya ndege ili umpigie mjomba picha ya lebo, umeharibu, chupa inakuwa sawa na ile ya supamaketi. Chaguo la pili, ambalo mimi ningelifanya, nunua Dubai kwenyewe baada ya ukaguzi wa kuunganisha, ndo uwanja wako wa mwisho kabla ya Dar, hakuna mashine ingine inayokusubiri hadi ushuke. Na Dubai Duty Free walifungua tarehe 20 Desemba 1983 na kwa miaka mingi wamekuwa wakisherehekea siku hiyo kwa kukata asilimia 25 kwenye bidhaa nyingi. Wewe unasafiri Desemba. Sisemi ubadilishe tiketi kwa ajili ya chupa, lakini kama tarehe zako zinagusa hapo, unajua pa kuangalia.

Kuhusu bei, usiamini neno dyuti frii kwa macho. Piga hesabu hivi: Uingereza tangu Februari 2025 ushuru wa pombe kali ulikuwa pauni 32.79 kwa lita ya kilevi halisi, kwa hiyo lita moja ya wiski ya asilimia 40 imebeba ushuru wa kama pauni 13 na senti kidogo, na chupa ya kawaida ya supamaketi ya mililita 700 imebeba kama pauni 9, juu yake VAT ya asilimia 20. Hizo ndo hela ambazo duka la uwanjani halilipi serikalini. Sasa swali ni kwamba wamekurudishia wewe au wamezibakiza wao? Mara nyingi wanagawana na wewe, na wao wanachukua kipande kikubwa. Tena wanauza chupa ya lita, supamaketi wanauza ya 700, ukilinganisha bei ya lebo kwa lebo utadanganyika, gawa kwa lita kwanza. Wiski ya kawaida ikiwa kwenye ofa ya Krismasi supamaketi mara nyingi inaishinda ya uwanjani. Zile zinazouzwa viwanjani tu, zenye boksi zuri na jina refu, hizo huwezi hata kulinganisha, na nadhani ndo sababu zipo. Na tukiwa hapo hapo, marashi na vifaa vya umeme kwenye viwanja vya Uingereza havina tena msamaha wa VAT tangu 1 Januari 2021, uliobaki ni wa pombe na sigara, kwa hiyo marashi ya shemeji usiyanunue Birmingham ukidhani umepata.

Tuje kwenye maili. Elfu 18 ni ile idadi ya kuudhi, ni nyingi kuziacha zife na ni chache kununua safari ya maana. Cha kwanza ingia kwenye akaunti uangalie zinakufa lini, Skywards zinaishi miaka mitatu tangu ulipozipata na zinafutwa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Novemba hawako sawa hata kidogo. Kama kuna za kufa karibuni, zitumie kupunguza bei ya tiketi kwa ile njia ya kuchanganya fedha na maili, unaanzia na 2,000 tu, siyo matumizi yenye thamani kuliko yote ila ni bora kuliko sifuri. Kama bado zina muda, ziache, halafu mfungulie na binti akaunti mkusanye pamoja kwenye kile kikapu cha familia, watu wanamsafirisha mtoto miaka kumi Birmingham–Dar bila namba na maili zake zote zimeenda hewani. Angalia pia aina ya tiketi unayokata, ile ya bei ya chini kabisa inatoa maili chache sana ukilinganisha na Flex, ile ya bei ya juu zaidi, kwenye siti ile ile, ingawa mimi simshauri mtu kulipa pauni mia zaidi kwa ajili ya maili, lipa kwa ajili ya kubadilisha tarehe kama unahitaji.

Ofa za "nunua maili leo upate bonasi" zipite tu, isipokuwa una safari maalum umeshaiona ina nafasi na zimepungua chache. Maili siyo akiba, shirika linabadilisha bei yake asubuhi moja na huna wa kumlalamikia. British Airways Aprili 2025 walibadilisha jina la klabu yao na daraja za wanachama zikaanza kuhesabiwa kwa pauni ulizotumia badala ya umbali na aina ya siti, daraja la Gold likawa pointi 20,000 na pointi moja ni pauni moja, watu waliokuwa wanapanda daraja kwa tiketi za ujanja wakabaki wanaangaliana. Hao hao wenye Avios, zile pointi za kununulia safari, 2021 walifungua hadi duka la waini mtandaoni, The Wine Flyer, unakusanya pointi kwa chupa na unalipia chupa kwa pointi. Ukiona shirika la ndege linakubadilishia pointi kuwa waini ujue linafurahi kuona pointi hizo zinatoka kwenye vitabu vyake, maana zingekuwa siti zingewagharimu zaidi.

Launji sasa. Emirates kwenye economy wanatoa waini, bia na pombe kali bure, chakula bure, na kutoka Birmingham mpaka Dubai ni kama saa saba. Kwa hiyo unataka kulipa ili unywe kile ambacho utapewa dakika arobaini baadaye ukiwa umekaa? Launji inafaa kwa kitu kimoja, kukaa muda mrefu, bafu, kiti cha kulala, sehemu ya kuchaji simu. Kama Dubai unakaa saa mbili tatu, tembea tu, nyoosha miguu. Kama unakaa usiku kucha, kabla hujalipia launji yoyote ulizia Dubai Connect, Emirates wanakupa hoteli na chakula bure ukitimiza masharti yao ya muda wa kusubiri na ikiwa hakukuwa na muunganiko mfupi zaidi wa kuchagua, ila inaombwa mapema, angalau siku moja kabla, ukifika kaunta usiku wa manane ndo unaulizia umechelewa. Ukishindwa hiyo kuna launji za Marhaba za kulipia, zinachukua mtu wa tiketi yoyote.

Na glasi mbili. Hiyo habari imetokana na Michael O'Leary, bosi wa Ryanair, Agosti 2024 alisema viwanja vinapaswa kumpa kila abiria vinywaji viwili tu, vihesabiwe kwa kuskani bodingi pasi kama wanavyofanya kwenye dyuti frii. Ni maoni yake, serikali haijayafanya sheria. Ana hasira na ana sababu. Aprili 2024 ndege yake ya Dublin kwenda Lanzarote ililazimika kutua Porto kwa sababu ya abiria mmoja mkorofi, zaidi ya watu 160 wakalala hapo, Januari 2025 Ryanair ikatangaza inamshtaki abiria huyo awalipe euro 15,000, na Juni 2025 wakaongeza faini ya euro 500 kwa yeyote atakayeshushwa kwa fujo. Sema na yeye ndege zake zinauza pombe humo ndani, hilo huwa halisemi kwa sauti kubwa.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba baa zilizo ndani baada ya ukaguzi, kwa England na Wales, haziko chini ya ile sheria ya leseni za pombe ya 2003 inayozibana baa za mtaani, ndo maana unakuta watu wana bia saa kumi na moja alfajiri na hakuna anayewauliza. Kamati ya House of Lords, baraza la juu la bunge la Uingereza, ilipendekeza mwaka 2017 msamaha huo ufutwe, serikali ikaja kukusanya maoni, na msamaha upo bado. Kwa hiyo baa haikuhesabii. Anayekuhesabia ni yule wa getini. Kuingia kwenye ndege umelewa, au kulewa ukiwa ndani, ni kosa la jinai Uingereza, mpaka miaka miwili jela na faini ya pauni 5,000, na mfanyakazi wa geti hahitaji kipimo, anaangalia unavyosimama na unavyojibu. Ukizuiwa tiketi hairudishwi, na bima nyingi za safari zinakataa madai yenye pombe ndani yake. Dubai nayo kulewa hadharani ni kosa, na uwanja wa ndege ni hadharani. Na ile chupa ya dyuti frii kuifungua ndani ya ndege ujimiminie mwenyewe hairuhusiwi, hata kama ni yako na una risiti, ndani unakunywa ulichomiminiwa na mhudumu.

Tena kule juu glasi moja siyo moja. Presha ya ndani ya ndege inaweza kushuka mpaka iwe kama uko mita 2,400, yaani umepita geti la Marangu unaelekea Mandara. Watafiti wa kituo cha anga cha Ujerumani walichapisha Juni 2024 kwamba watu waliokunywa pombe halafu wakalala kwenye presha kama hiyo, oksijeni kwenye damu ilishuka mpaka karibu asilimia 85. Mwenye presha au moyo, hasa wazee mnaowaleta kutembea huko Uingereza, wasinywe halafu wakalala.

Jambo dogo lingine maana najua utakuja na simu mbili na binti yako: tangu 1 Oktoba 2025 Emirates wanaruhusu pawabenki moja tu kwa mtu, isizidi Wh 100, ukae nayo mkononi na usiitumie ndani ya ndege. Soma namba iliyoandikwa mgongoni mwake kabla hujatoka nyumbani, ikiwa imefutika wanaichukua.

Kurudi ni rahisi kidogo. Uingereza wanakuruhusu lita nne za pombe kali kwa mtu mzima bila ushuru, kwa hiyo Konyagi za kuwagawia watu wa huko zinaingia bila shida, kilevi chake ni asilimia 35, ila ziende begi la chini tangu Dar maana Dubai utakaguliwa tena vile vile. Gongo usibebe. Mbali ya kuwa ni haramu, sheria inataka chupa ya dukani iliyofungwa na mwenye kiwanda, na shangazi akikujazia kwenye chupa ya Konyagi akakaza kifuniko vizuri bado siyo kiwanda.